Mafuta Uliyonunua Yalijaribiwa kwa Nani?

Vuta kigoda uketi, au endelea kuchambua mchele huku ukisikiliza.

Leo tutazungumza juu ya vipodozi. Nikisema vipodozi sina maana ya rangi ya mdomo na poda ya bibi harusi pekee. Sabuni ya kuogea, mafuta ya mtoto, shampuu, losheni, wanja, piko, rangi ya nywele na marashi, vyote hivyo ni vipodozi. Hata nyumba isiyo na kioo ukutani ina vipodozi viwili vitatu.

Mada hii imetokana na swali la mama mmoja wa Pwani. Binti yake yuko gredi ya sita na anafuga sungura wawili nyuma ya nyumba. Mtoto huyo alisikia kwamba kampuni za vipodozi hutia kemikali machoni mwa sungura ili kujua kama shampuu ni salama. Tangu siku hiyo kila chupa inayoingia nyumbani huulizwa: "Mama, hii nayo ilijaribiwa kwa sungura?" Mama anataka kujua mambo mawili. Kwanza, je, habari hiyo ni ya kweli? Pili, na hapa nasoma kama alivyotuandikia: "Kama ni kweli, si afadhali aumie sungura kuliko mtoto wangu?"

Swali la kwanza ni jepesi. Ndiyo, ni kweli.

Kipimo chenyewe huitwa kipimo cha Draize, kwa jina la John Draize, mtaalamu wa sumu katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa. Yeye na wenzake walikieleza katika maandishi yao ya mwaka 1944. Sungura mweupe hushikwa ndani ya kisanduku, kichwa kikiwa nje, ili asiweze kujikuna. Kemikali hutiwa katika jicho moja. Jicho la pili huachwa bila kitu ili liwe la kulinganishia. Kisha mtu hupita kila mara na daftari lake akiandika wekundu, uvimbe, usaha, na kama kioo cha jicho kimeingia ukungu. Uangalizi huo unaweza kuendelea hadi siku 21. Kwa miaka mingi mnyama hakupewa dawa ya kutuliza maumivu, na mwisho wa kipimo kwa kawaida huuawa. Sungura alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, bei yake ni ndogo, jicho lake ni kubwa, na machozi yake ni machache kuliko yetu, kwa hiyo kemikali haioshwi upesi.

Kuna na vipimo vingine. Mnyama hunyolewa manyoya, kemikali ikapakwa juu ya ngozi tupu. Au panya hulishwa kitu kwa vipimo tofauti hadi nusu yao wafe, ili ijulikane ni kiasi gani kinachoua. Kipimo hicho cha kuua nusu kilibuniwa mwaka 1927 na Trevan wa Uingereza kwa ajili ya dawa zenye nguvu kama insulini. Baadaye kilitumiwa hata kwa vipodozi.

Sasa mama, kabla hujawalaani watu hao, sikiliza walikotoka.

Mwaka 1933 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ilitengenezwa kwa kemikali ya jamii ya ile iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Shika herufi hizo tatu, tutazirudia. Wanawake waliopakwa rangi hiyo walivimba macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafa. Walipotaka kushtaki, ikaonekana sheria ya wakati huo haikuvigusa vipodozi kabisa. Kisha mwaka 1937 kampuni moja huko huko Marekani iliuza dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa sumu. Hakuna aliyekuwa ameijaribu, maana sheria haikumlazimisha mtu kuijaribu. Walikufa watu 105, na 34 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapitisha sheria mpya iliyoviweka vipodozi na dawa chini ya uangalizi.

Kwa hiyo sungura aliingia maabara baada ya macho ya wanawake na makaburi ya watoto. Mama aliyetuandikia kwamba afadhali aumie sungura hakusema neno la kipumbavu. Historia ya wakati ule iko upande wake.

Lakini watu wengi husimama hapo, nami naomba twende mbele kidogo, kwa sababu ukisimama hapo utaamini kwamba maumivu ya sungura yanamlinda mtoto wako. Je, yanamlinda?

Turudi kwa zile herufi PPD. Ubaya wake ulijulikana tangu mwaka 1933. Wanyama waliojaribiwa tangu hapo wamethibitisha, na madaktari wa ngozi wamethibitisha kwa wagonjwa wao. Marekani na Ulaya sheria inairuhusu ndani ya rangi ya nywele kwa masharti, lakini hairuhusu itumike kuchorea ngozi. Na sisi je? Tunaipaka watoto siku ya Idi. Tunaiita piko.

Nenda Mombasa, nenda Malindi, nenda Lamu siku mbili kabla ya harusi. Hina ya majani peke yake hutoa rangi ya chungwa iliyoiva au hudhurungi. Haitoi weusi. Weusi ule wa wino unaokauka kwa nusu saa mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga iliyokorogwa na maji, yenye PPD. Kwa wengi haileti shida mara ya kwanza, na hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu mwili hujifunza kuikataa polepole. Mara ya pili au ya tatu ngozi huwasha, huvimba, na hutoa malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani. Likipona, ua hubaki kama kovu. Na mtoto aliyekwisha kukataliwa na mwili wake hivyo hubaki hivyo maisha yake yote. Akifika miaka 20 akaenda saluni kupaka nywele rangi, uso mzima unaweza kuvimba, hata njia ya pumzi.

Unaona jambo hili linavyouma? Mnyama aliteseka, jibu likapatikana, likaandikwa vitabuni. Kisha sisi tukamrudia mtoto tukamjaribu upya kama vile hakuna aliyewahi kujua. Mateso ya mnyama hayamlindi mtu ambaye hakusoma matokeo yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, hapa hapa Nairobi. Mwaka 1972 madaktari walichapisha katika jarida la Uingereza habari za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo, ule unaovimbisha miguu na uso, na mkojo ukawa na povu. Walipowauliza wanachotumia, zaidi ya nusu walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki! Ubaya wake ulikuwa unajulikana kwa karne nyingi. Haikuhitaji sungura hata mmoja. Figo za wananchi ndizo zilizofanya kazi ya sungura, tena bila malipo na bila ruhusa ya wenyewe. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku krimu na sabuni zenye zebaki na zenye haidrokwinoni mwaka 1998. Mpaka leo bado zinapenya, zinauzwa chini ya meza na mitandaoni kwa majina mazuri mazuri.

Na usidhani mama anayejipaka anajidhuru peke yake. Zebaki hubaki kwenye ngozi, kwenye taulo, kwenye shuka na kwenye mikono. Mtoto anayenyonya, anayelala kifuani, anayebebwa mgongoni, huipata. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, na ukilinganisha na uzito wake, eneo la ngozi yake ni kubwa. Kitu kidogo kwako si kidogo kwake.

Nina mfano wa tatu, nao unahusu poda ya watoto. Mwaka 1972 huo huo, huko Ufaransa, poda moja ya watoto iliyoitwa Morhange iliingizwa kemikali ya kuulia vijidudu, heksaklorofini, kwa makosa ya kiwandani. Ilikuwa kama asilimia 6 ya poda yote. Wazazi waliwapaka watoto wao kama kawaida baada ya kuwaogesha. Walikufa watoto 36. Hebu nikuulize, hapo kipimo cha sungura kingesaidia nini? Kosa halikuwa kutokujua sumu. Kosa lilikuwa kutokagua kile kilichotoka kiwandani siku ile. Mkaguzi mmoja mwangalifu angewafaa watoto wale kuliko sungura elfu.

Ni vivyo hivyo kwa bidhaa bandia. Losheni ya kampuni kubwa inaweza kuwa imepitia kila kipimo duniani. Lakini ile uliyoinunua kwa nusu bei, iliyojazwa kwenye chupa kuukuu katika chumba cha nyuma mtaani, haijapitia kitu. Chupa ndiyo iliyojaribiwa, mama. Kilicho ndani ni habari nyingine.

Haya. Tukubaliane basi kwamba kumwumiza mnyama si sawa na kumlinda mtoto. Bado swali linabaki: kitu kipya kabisa kikitengenezwa, kitajulikanaje kuwa ni salama kama hakuna mnyama anayejaribiwa?

Hapa dunia imebadilika sana, na wengi wetu hatukupata habari. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa New York aitwaye Henry Spira aliweka tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, akiiuliza kampuni ya Revlon ni sungura wangapi inaowapofusha kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha kampuni hiyo ilitoa dola 750,000 kwa chuo kikuu cha Rockefeller ili njia nyingine zitafutwe. Mwaka 1989 Revlon na Avon zikatangaza kuacha kuwajaribia wanyama.

Njia hizo nyingine zikapatikana. Leo wataalamu hukuza ngozi ya binadamu maabara, kipande kidogo kama sarafu, kutokana na chembe hai za ngozi iliyobaki baada ya upasuaji. Hupaka kemikali juu yake na kuangalia kama chembe zinakufa. Kuna kipimo kinachotumia macho ya ng'ombe yaliyochukuliwa kichinjioni, ng'ombe ambaye alikuwa anachinjwa kwa nyama hata hivyo. Kuna pia kompyuta zinazolinganisha umbo la kemikali mpya na maelfu ya kemikali za zamani. Na kuna njia rahisi kuliko zote, kutengeneza sabuni na mafuta kwa vitu ambavyo vinajulikana tayari. Vitu vya namna hiyo viko maelfu. Nani amesema lazima kila mwaka tupate kitu kipya cha kulainisha kisigino?

Uingereza iliacha kutoa vibali vya kujaribia vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza vipimo hivyo kwa hatua, mwaka 2004 na 2009, na mwaka 2013 zikakataza hata kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa hivyo kwingineko. Israeli nayo ilifunga mlango mwaka 2013, India mwaka 2014, Australia mwaka 2020, Kanada mwaka 2023 na Brazili mwaka 2025. Marekani haina sheria ya taifa zima, ila majimbo kadhaa yamepitisha yao. Wanawake wa Ulaya hawakuacha kuosha nywele mwaka 2013. Maduka yao yamejaa. Huo kwangu ndio ushahidi mkubwa: shampuu njema inatengenezeka bila jicho la sungura.

Huko China mambo yalikuwa kinyume. Hadi mwaka 2014 sheria yao ilitaka vipodozi vijaribiwe kwa wanyama. Mwaka 2021 wakalegeza kwa vipodozi vya kawaida vinavyotoka nje, kwa masharti, lakini vile vya watoto wachanga na watoto wadogo havikuingizwa katika msamaha huo. Nataja hili kwa sababu ya maneno fulani utakayoyakuta kwenye maelezo ya kampuni kubwa: kwamba hawajaribii wanyama "isipokuwa pale sheria inapotaka". Sasa unajua maana yake.

Na hapa kwetu? Tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, nayo inamtaka anayefanya majaribio kwa mnyama awe na kibali. Lakini haikuzuii kununua losheni iliyojaribiwa ng'ambo, wala chupa hailazimishwi kukuambia. Kwa hiyo uamuzi umeachwa mikononi mwako, pale dukani, na mtoto akikuvuta kanga.

Najua kuna msikilizaji anayesema: "Lakini sisi tunafuga sungura tuwale. Tunachinja kuku kila Jumapili. Leo tumlilie sungura wa maabara?" Swali hilo ni halali na halipaswi kuchekwa. Jibu langu ni hili. Anayechinja kwa chakula anatumia kisu kikali, anamaliza upesi, na familia inashiba. Dini zetu na mila zetu zimeweka hata adabu ya kuchinja. Waislamu wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala maji, na Wakristo nao wana mafundisho yao juu ya kumhurumia mnyama wa kazi. Hakuna mila ninayoijua inayoruhusu mnyama aungue jicho kwa wiki tatu ili tupate aina ya kumi na moja ya rangi ya mdomo. Kula ni haja. Rangi ya kumi na moja ni tamaa. Mimi kama mhudumu wa afya naona tofauti hiyo ni kubwa vya kutosha kunifanya nichague chupa nyingine ikiwa iko.

Lakini sikiliza vizuri hapa, na kama mtoto analia mpe ziwa kwanza. Jambo hili ni la vipodozi. Lisivuke likaingia katika chanjo na dawa. Ni kweli, chanjo za polio na surua, dawa za malaria, dawa za kupunguza makali ya virusi, zote zilipitia kwa wanyama katika hatua fulani, na sheria za nchi nyingi bado zinategemea hilo kabla dawa mpya haijapewa binadamu. Wataalamu wanatafuta njia za kupunguza, na hilo ni jema. Ila mama asije akasusa kliniki kwa sababu ya kumhurumia panya. Surua huua. Kukosa rangi ya mdomo hakujamuua mtu. Ukipima mizani hiyo, haina mjadala.

Haya, tuje dukani. Umeshika shilingi mia mbili na unataka mafuta ya mtoto.

Kwanza jiulize kama unahitaji kitu kipya. Mtoto mchanga anahitaji maji safi, sabuni isiyo kali wala manukato, na mafuta kidogo ngozi ikikauka. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha. Hayo yametumika kwa zaidi ya miaka mia moja na hayana siri. Mmarekani aliyeyapatia hataza mwaka 1872, Robert Chesebrough, alikuwa akijiunguza mkono mwenyewe mbele ya wateja kisha akajipaka kidonda. Basi hao walijaribiwa kwa mwenye mali, nadhani ni haki kuliko kwa sungura. Usiige! Vitu vya zamani kama hivi vina faida mbili: havihitaji kipimo kipya cha mnyama, na ni rahisi kwa bei. Mara nyingi huruma na mfuko huenda njia moja, ingawa wauzaji wa chupa za bei ghali hawatakuambia.

Pili, angalia picha ya sungura kwenye chupa, kama ipo. Ipo alama ya sungura anayeruka, inayosimamiwa na muungano wa mashirika ulioanzishwa mwaka 1996, na kampuni huipata baada ya kukubali kufuatiliwa hadi kwa wanaowauzia malighafi. Lakini kuchora sungura tu si kazi. Yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuchora sungura anayecheka. Na maneno kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama yanaweza kuwa na maana ya chupa iliyokamilika tu, huku kemikali zilizomo zilijaribiwa na mtu mwingine. Usiyapuuze maneno hayo, ila usiyape cheo cha hati ya kiapo.

La tatu ni zito zaidi kwangu: sungura kwenye chupa si cheti cha usalama wa mtoto. Krimu inaweza kuwa haikumgusa mnyama hata mmoja na bado ikawa na zebaki. Tafuta alama ya ubora ya shirika la KEBS pamoja na namba ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kuihakiki kwa simu: andika SM, weka alama ya reli, kisha namba ile, utume kwa 20023. Soma na orodha ya vilivyomo. Ukiona "mercury", "calomel", herufi Hg, au "hydroquinone", rudisha. Isipokuwa na orodha kabisa, rudisha vilevile. Tena kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui: maelezo yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa pete ya dhahabu au bangili ya fedha, shuku zebaki, maana zebaki hushikana na madini hayo.

Wanja nao nitausema kwa kifupi. Akina nyanya wengi humpaka mtoto mchanga wanja wa manga machoni ili macho yawe makubwa au kumkinga na jicho baya. Wanja wa namna hiyo mara nyingi una madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Nyanya, shikamoo, ninakuheshimu, lakini tafadhali usimtie. Hata hina ya majani asipakwe mtoto mchanga, kwa sababu watoto wengine wa Pwani huzaliwa na upungufu fulani katika damu unaofanya hina iwavunjie chembe nyekundu. Msichana mkubwa akitaka kupambwa siku ya harusi, apakwe hina ya majani. Piko hapana.

Kama una chupa nyumbani na umegundua leo kwamba kampuni yake huwajaribia wanyama, usiitupe. Sungura yule amekwisha kuumia, na pesa yako imekwisha kutoka. Itumie iishe, kisha safari ijayo uchague nyingine. Krimu yenye zebaki ni tofauti: hiyo acha leo, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki, usiichome wala usiimwage chooni, uipeleke kwa afisa wa afya ya umma.

Na yule mtoto wa gredi ya sita? Mwambie kweli. Mwambie ndiyo, sungura waliteswa, watu walikuwa wanatafuta kuzuia vifo, na sasa kuna njia nyingine. Mpe chupa akusomee maandishi madogo, macho yake ni mazuri kuliko yako. Mtoto anayejua kusoma karatasi ya chupa akiwa na miaka 11 hatadanganywa na krimu ya kung'arisha akiwa na miaka 18.

Mwisho, jambo la dharura. Sabuni, shampuu au rangi ya nywele ikimwingia mtoto jichoni, lioshe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa. Usitie maziwa ya mama, wala asali, wala chai ya rangi. Kisha mpeleke zahanati. Ngozi ikitoa malengelenge, uso ukivimba, au mtoto akipumua kwa shida baada ya kupakwa kitu chochote, usingoje asubuhi. Beba na chupa yenyewe, hata kama ni tupu, ili daktari asome kilichokuwemo.

Juma lijalo saa hii hii tutazungumza juu ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Weka tayari kijiko cha chai na chombo cha lita moja. Kwaheri mama.